Samaki wa Isma na kifuko cha kijani

Jumamosi, Ruziba. Asubuhi mvua, sasa jua kali juu ya matope. Moyo haujakaa mahali pake.

Sasa hivi nimembeba Isma kutoka nje, mkono mmoja ameufumba. Nikamwambia fungua, akatikisa kichwa. Nikamkalisha mapajani, nikakifungua kidole kimoja, halafu cha pili, taratibu, kama ninavyomenya njegere. Ndani ya kiganja kulikuwa na samaki. Samaki mdogo wa risasi, mkia wake umejaa alama za meno.

Nilipomchukua, mwanangu akanitazama usoni akasema, "Yangu."

Shajara, we ndiwe unayejua nimelingoja neno kwa muda gani. Alikuwa nayo maneno: baba, maji, paka, ndagala. Akaanza kuyaacha moja moja, kama mtu anayedondosha mizigo njiani kwa sababu amechoka kubeba. Tangu Idi ya mfungo sijasikia kutoka kwake kitu kingine ila kilio. Leo neno limekuja.

Limekuja kwa ajili ya kile kitu.

Sikujua nicheke au nilie. Nimemkumbatia, nikamnawisha mikono kwa sabuni, nikamnawisha tena, nikamsugua mpaka kwenye kucha. Yule samaki nimemfunga kwenye kitambaa, yuko mfukoni mwangu. Nilidhani nimeshawatupa wote kwenye shimo la choo. Anavuta gauni langu upande mmoja. Kitu kidogo hivi, uzito wote huo.

Nje Kassim anavunja makala ya kuwashia moto.

Kwa wale ambao leo ndiyo mara yenu ya kwanza kufungua ukurasa huu ninapoweka shajara yangu: mi ni Mama Isma. Nimezaliwa Ngagara, kwenye zile nyumba za kartie, mitaa ya mjini inayoitwa kwa namba, minibasi zinapita mlangoni kuanzia alfajiri. Shule niliiachia njiani, kwa hiyo makosa mtanisamehe, naandika kwenye simu na mtoto yuko mapajani. Niliolewa huku Ruziba, karibu na ziwa. Siku ya kuondoka mama yangu alinishika mashavu akasema, "Angalau watoto wako watavuta hewa safi, si kama nyinyi mliokulia kwenye moshi." Alifurahi kweli. Aliwaambia hata majirani.

Mume wangu Kassim anatengeneza vizito vya nyavu. Wavu wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, usipokuwa na vizito unaelea tu, kama kanga iliyoanguka majini. Vizito ni vya risasi. Si ya bunduki, ni yale madini laini ya kijivu yaliyomo ndani ya betri za gari. Kassim analeta betri zilizokufa kutoka mjini, anazivunja nyuma ya nyumba, maji yake makali anayamwaga kando ya choo, vile vibao vya ndani anaviweka kwenye karai juu ya mbabura, jiko letu la makala. Makala yakikolea, vinalegea, vinang'aa kama maziwa ya fedha. Ukiangalia mara ya kwanza unaona ni kizuri.

Sisi tunasema tunapika risasi. Alipika marehemu baba mkwe, anapika Kassim. Karai lake ni la peke yake, halijawahi kutiwa chakula. Hilo marehemu alilikataza kabisa, na sisi tulidhani hatari inaishia hapo. Mbabura ni ile ile ya maharage.

Kazi hii mtu mmoja haiwezi. Kuna matofali mawili ambayo marehemu aliyachonga vishimo. Unayabana pamoja, mmoja anamimina, mwingine anashika. Ukilegeza kidogo risasi inavuja pembeni na kizito kinaharibika. Mwanzo aliyeshika alikuwa Mama Mkwe. Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka, kikombe kinamwagika kabla hakijafika mdomoni. Nilipoletwa hapa, kabla hata hina haijafutika, aliniita uwanjani akaniwekea matofali mikononi. "Bana kama unayemshika mutoto mbishi," akaniambia. Nilibana. Nikasifiwa. Tangu hapo mshikaji ni mi.

Na mwisho wa kila mapishi, kile kidogo kinachobaki chini ya karai Kassim hamimini kwenye vizito. Kuna kishimo kingine kwenye tofali, umbo la samaki. Baba yake alimchongea yeye alipokuwa mdogo. Tone la mwisho ni la mtoto, ndivyo nyumba hii inavyokwenda. Isma alipoanza kukaa, akapata samaki wake wa kwanza. Alipoota meno alimtafuna huyo, na mi nikapiga picha nikamtumia mama yangu.

Ile picha bado ninayo. Siwezi kuifungua.

Kiangazi kilichopita alikuja msichana wa chuo kikuu, Mademoiselle Divine. Mwembamba, miwani, viatu vyeupe ambavyo niliviogopea vumbi. Alibeba vifuko vya chandarua, kila kimoja kinaenea kwenye viganja viwili, ndani yake kijani. Ni kile kitu kinachoota kama zulia juu ya mawe na magome ya miti, kule milimani kwenye baridi na unyevu. Kwa Kifaransa ni mousse. Kiswahili chake nimekitafuta kwenye simu, wanaandika kuvumwani, jina ambalo sijamsikia mtu akilitamka. Mi nakiita kifuko cha kijani tu.

Alituomba ruhusa akitundike uwanjani kwetu. Nikamuuliza majani yatafanya nini pale juu.

"Hii haina mizizi, Mama Isma," akaniambia. "Miti mingine inatafuta chakula chini. Hii apana. Inakula kile hewa inaileta, vumbi, moshi, chuma, yote. Haiwezi kukataa. Tukiishusha tunaipima, inatuambia watu wa hapo wanavuta nini."

"Kumbe ni kama mutoto," nikasema.

Akacheka. Nami nikacheka. Isma alikuwa mgongoni kwangu.

Alieleza kwamba wametundika vingine Ngagara penye minibasi, vingine jirani na magereji, vingine kule Kinanira mlimani. Cha kwetu kilikuwa cha mahali safi. Lazima wawe na mahali safi pa kulinganishia, la sivyo uchafu wa kwingine hauonekani ni mwingi kiasi gani. Profesa wake alichagua Ruziba kwa sababu ya upepo wa ziwa. Niliposikia nilinyoosha mgongo kidogo. Nikafikiria mama yangu.

Aliuliza maswali yake. Karibu kuna kiwanda? Apana. Gereji? Apana. Mnachoma takataka, plastiki? Mama Mkwe akamjibu kwamba huu si uwanja wa watu wachafu, na ukitaka kuona plastiki ikichomwa uende kwa fulani kule. Mademoiselle akasema pardon, Mama, akaandika.

Hatukumdanganya. Naapa hatukumdanganya. Angetuuliza mnapika nini, tungemwambia: ugali, maharage, ndagala, na risasi.

Baadaye alikuja kukishusha, akaenda nacho. Akarudi mwezi uliopita, mikono mitupu. Viatu vile vile. Nilimpa chai, akakizungusha kikombe mikononi bila kunywa.

"Mama Isma, kifuko chenu kimetoka kichafu kuliko vyote."

"Kuliko Ngagara?"

"Kuliko Ngagara. Kuliko magereji." Akavua miwani akaifuta. "Ni risasi. Profesa anasema lazima kilichanganyika na kitu, tukiondoe tu. Lakini mi ndiye nilikifunga na mi ndiye nilikishusha. Najua sikukichanganya. Kwa hiyo nimekuja kuuliza."

Mi bado nilikuwa nafikiria ni nani huko nyuma anayechoma nini. Hapo hapo Isma akaja. Yeye akimpenda mtu humpa kitu chake. Akamwekea Mademoiselle samaki kwenye kiganja, na mkono wake ukashuka kidogo kwa ule uzito, kwa sababu hakuutarajia.

"Hii ni nini?"

Nikamjibu kwa fahari yote, "Baba yake amemupikia."

Alimgeuza yule samaki, akauona mkia. Kisha akauliza tunapikia wapi, nikamuonyesha kwa kidevu. Maharage yalikuwa yanachemka. Kutoka mbabura mpaka nguzo ya kifuko mtu akitema mate yanafika.

Aliomba maji na sabuni. Akanawa, halafu akachuchumaa akamnawisha Isma, yeye mwenyewe, na zile nguo zake nzuri. Akiwa bado anamsugua vidole ndipo akanieleza, sauti ya chini, maana Mama Mkwe alikuwa anapepeta mchele karibu. Kwamba moshi wa risasi unatua chini, unakuwa vumbi, vumbi linapanda mikononi, mikono inaingia mdomoni. Kwamba kwa mtu mzima ni mbaya, ila kwa mtoto inaingia haraka na inakaa. Inachukua hamu ya chakula. Inachukua damu. Inachukua maneno. Ikiwa nyingi sana inaleta degedege.

Ungo wa Mama Mkwe ukasimama. Halafu ukaendelea.

Kabla ya Kassim, Mama Mkwe alizaa watoto wawili ambao hawakufika kutembea vizuri. Wote ni degedege. Kila Idi anawaombea dua kwa majina yao, polepole, kama anawaita waje wale. Sijawahi kumuuliza zaidi. Mtu humuachia mwenzake makaburi yake.

Jioni, mgeni ameshaondoka, alikuja akasimama nyuma yangu. Hakutaka nimuone uso.

"Yule binti alisema inaleta degedege?"

Nikajibu, "Sikusikia vizuri, Mama."

Nilisikia vizuri.

Wiki ile nilimpeleka Isma kwenye kituo cha afya. Huko wanatujua. Tumbo lake likikaza wanampa dawa ya minyoo, likikaza tena wanampa tena. Safari hii nilisema ile sentensi niliyojifunza, naomba mumpime risasi kwenye damu. Muuguzi, mama mzuri tu, akaweka kalamu chini. Hapa hatuna kipimo hicho, akasema, wala sijui kama kuna mahali hapa mjini. Labda damu ipelekwe nje ya nchi. Akaandika jina la daktari wa kwenda kumuona. Nimekwenda, tumeambiwa tungoje, tutaitwa. Bado tunangoja.

Nilimpigia Mademoiselle nikamuuliza, kwani vile vifuko vyenu mlivipima wapi? Akasema walivikausha, wakavitia kwenye bahasha, vikapanda ndege kwenda Ulaya.

Majani ya kwenye mawe yamepanda ndege yamepimwa. Mwanangu hajapimwa.

Simlaumu. Ni yeye pekee aliyekuja.

Sasa niseme juu ya Kassim, maana najua mnavyosoma. Kassim si mtu mbaya. Ni mtu ambaye akiogopa anachekesha.

"Baba alipikia hapa, nikakulia hapa. Unaniona mugonjwa?"

"Kila siku unalia tumbo."

"Hilo ni tumbo la mapenzi, muke wangu. Daktari wake ni we."

Nilikataa kucheka. Akaenda zake ziwani anapiga mluzi. Lakini kesho yake nilimkuta amechuchumaa mbele ya mwanawe na ndagala moja mkononi, ameishika kwa mkia. "Sema ndagala. We si ulikuwa unasema? Sema, bwana mukubwa. Nda-ga-la." Isma anaangalia ukuta. Akarudia, akarudia, sauti inazidi kuwa ndogo. Aliponiona akaitia ile ndagala mdomoni mwake akatafuna, akainuka.

Siku hiyo aliahidi kutopika risasi kwa muda. Mademoiselle alileta kifuko kipya, kijani kibichi, kinanuka mvua ya huko milimani. Akasema tukitundike pale pale kwenye nguzo, tupitishe muda bila moto wa risasi, tuone hewa itasemaje. Kassim akakipigia msumari mwenyewe, akawatangazia mpaka majirani, hiki ni cha watu, asikiguse mtu.

Na mi nikafanya yangu. Sifagii tena kwa kavu, napangusa kwa kitambaa cha maji. Nguo za Kassim nazifua kando na zetu. Udongo wa karibu na mbabura tuliukwangua, tukaufukia mbali. Isma anapata maziwa ninapoweza, mboga za lengalenga, maharage, ndagala na vichwa vyake. Alianza kulala bila kushtuka. Siku moja alifuata paka kwa macho mpaka akapotea nyuma ya nyumba, na nikaona kama anatafuta lile jina.

Nikaanza kutumaini. Kassim ananicheka kwamba mi hata chungu kikipasuka nasema nusu yake itafaa kwa maua. Ni kweli. Nilimwambia wazee wa zamani walivua kabla betri hazijaja, si lazima walikuwa na vizito vya kitu? Tujaribu udongo wa kuchoma. Alikwenda kumuuliza Rubeni, mvuvi wetu mkubwa, mwenye mitumbwi, aliyekuwa akinunua hapa tangu enzi za marehemu.

Rubeni akamuuliza, "Nivue ndagala ama niuze vyungu?"

Leo ndiye aliyekuja, mvua ilipokatika tu. Usiku wa giza la mwezi umekaribia, ndio wakati wa ndagala, taa zinawashwa majini, na nyavu mpya hazina vizito. Alisimama hapo uwanjani, mikono kiunoni, akaitazama mbabura iliyolala, halafu akatupia jicho jikoni niliko.

"Kassim, siku hizi moto wako unaomba ruhusa kwa madamu?"

Kassim akacheka. Nilikisikia kicheko kilivyokuwa kifupi.

"Apana, moto ni wangu."

"Basi uwashe, sha. Ndagala haziwezi kungoja mpaka madamu aamke vizuri."

Alipoondoka, Kassim alikuja jikoni. Nilikuwa naosha mboga. "Mara hii moja tu," akasema. "Giza likipita nitatafuta mahali kule ufukweni, mbali na nyumba. Si tutakula nini, Mama Isma? Niambie." Nilikuwa na maneno lakini yalikuwa chini, kama vitu vilivyo chini ya sanduku. Nikaendelea kuosha mboga ambazo zilikuwa safi. Akangoja kidogo, akaona kimya ni ndiyo, akaenda.

Halafu akafanya kitu ambacho ndicho kimenifanya niandike leo.

Kabla ya kugusa makala alipanda kwenye kigoda, akakitoa kifuko cha kijani kwenye nguzo. Akakileta ndani kwa mikono miwili, hivi, kama mtu aliyepewa mtoto wa wageni. Akakitundika kwenye msumari juu ya kitanda chetu. Akafunga na dirisha.

"Cha watu kisiharibike," akaniambia. "Moshi ukikipata, kazi ya Mademoiselle yote imekufa."

Isma alikuwa nje. Amekaa kando ya mbabura, anachora kwenye majivu.

Nilikitazama kifuko, nikatazama mlango. Kassim akanitazama mi, akasubiri nimsifu.

Hakuona. Nawaapia hakuona. Amelelewa hivyo, sote tumelelewa hivyo: cha mtu ukiwekewa unakitunza kuliko chako. Mgeni analala kitandani, sisi chini. Sahani nzuri ni ya mgeni. Kitu chetu wenyewe kitavumilia, ni chetu. Mama yangu angefanya vile vile. Na mi, kama ningekuwa sijui ninachokijua, ningemsaidia kufunga dirisha.

Nilitoka nikambeba Isma. Majivu mikononi, majivu magotini. Ndipo nilipomkalisha hapa, na ndipo alipokuwa na ule mkono uliofumbwa. Yule samaki alimuokota kwenye majivu. Kumbe alikuwa amelala pale siku zote nilizokuwa napangusa.

Sasa yuko hapa kitandani, amelala ubavu, kidole kimoja mdomoni. Kifuko kiko juu yetu, kinazunguka kidogo kwenye uzi wake. Ni kijani sana. Hakijaonja kitu cha nyumba hii isipokuwa hizi siku chache nzuri. Nikikiangalia naona ni kama watoto wawili wako chumbani, na mmoja wao ana watu wanaomuogopea.

Harufu ya makala imeanza kuingia chini ya mlango. Makala tu, bado. Ile nyingine naijua, inakuja baadaye, inakaa kwenye ulimi kama ukilamba ufunguo.

Nimekuwa nikifikiria jambo moja tangu nikae hapa. Kassim hawezi kumimina peke yake. Mama Mkwe mikono yake haishiki tena, na leo ndiyo mara ya kwanza najiuliza ni nini kilichomchukulia mikono. Rubeni yuko kwenye mitumbwi yake. Kwa hiyo moto wote ule, na karai, na betri, na giza la mwezi, vyote vinakuja kusimama mbele ya mikono yangu. Nisiposhika matofali, hakuna kizito.

Sijawahi kusema apana kwenye nyumba hii. Si kwamba nimekatazwa. Wamenipokea vizuri, Mama Mkwe aliniuguza nilipojifungua, alinikanda kwa maji ya moto mpaka akalia yeye. Ndiyo maana ni vigumu. Mtu mbaya ungemkatalia asubuhi ukasahau mchana.

Na njaa naiogopa. Nisijifanye shujaa hapa mbele yenu. Bila vizito, wiki ijayo sijui. Naweza kuuza ndagala kavu na mama yangu Ngagara. Naweza kujaribu ule udongo mwenyewe, nichome vizito vichache, nimpe Rubeni bure avitupe kwenye wavu mmoja aone. Anaweza kucheka. Acha acheke akiwa ameshika.

Ila Isma leo amesema neno. Moja. Maana yake maneno hayakuondoka, yako mahali fulani ndani yake, yanangoja. Mi nalishika hilo. Limekuja kwa kitu kibaya lakini limekuja na mdomo wake, na sauti yake ile ile ya kukwaruza. Yangu. Kesho nataka niamke nilisikie jingine, hata likiwa la kunikasirikia.

Mama Mkwe ameita. Naandika hapa alivyoita, neno kwa neno:

"Mama Isma, njoo ushike matofali. Mutoto mwache ndani."

Mutoto mwache ndani. Tangu Isma azaliwe, kila tukipika, amekuwa pale pale, mgongoni kwangu au miguuni kwa Mama Mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa akimkalisha karibu, apate joto. Hajawahi kusema hivyo hata siku moja.



Nimemfunika Isma kwa kanga. Nimeangalia dirisha, limefungwa. Samaki yuko mfukoni. Kassim naye anaita sasa, anasema risasi imeshalegea, inangoja mi tu. Basi natoka. Nitasimama pale mikono yangu nimeiweka nyuma. Kassim atanisikia baadaye, kwanza nitamgeukia Mama Mkwe, nitamwambia kwamba jioni ile nilisikia vizuri kila kitu, na kwamba wale watoto wake wawili, huenda ni moshi huu huu uliowachukua.